Mcheza Kwao Hutunzwa: Mbona Tunakusanya Nyimbo na Kuziacha Ngoma?

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tumeizoea hata tumesahau ilikozaliwa. Tunaitumia kumsifu mtu aliyefanya kazi kwao akathaminiwa, wala hatukumbuki kwamba picha yake ni ya uwanjani: kuna mtu anayecheza ngoma, na kuna jamaa zake wanaomwendea mbele ya umati na kumtunza kwa fedha au kwa leso, kwa kuwa wanajua anachokicheza. Asiyejua kinachochezwa anaweza kupiga makofi, kutunza hawezi. Tofauti hiyo kati ya kupiga makofi na kutunza ndiyo iliyonisukuma kuandika makala hii.

Katika sherehe moja ya wiki ya utamaduni niliyoihudhuria hapa Eldoret, ngoma zilifuatana jukwaani kama abiria wanaoshuka matatu. Kwanza ilikuja isukuti, kisha ngoma za Wakalenjin, halafu wasichana sita wakaingia wamefunga leso viunoni, na mshereheshaji akatangaza, "Sasa chakacha kutoka Pwani!" Muziki ulitoka kwenye vipaza sauti vilivyonguruma hata maneno yasisikike. Viuno vikazunguka, vijana wakapiga mbinja, dakika nne zikaisha. Nilimuuliza mmoja wa wachezaji, mwenzangu wa darasani, wimbo ule ulisema nini. Akacheka, akanijibu, "Dada, ile ni chakacha tu."

Jibu hilo liliniuma, si kwa sababu lilikuwa la mjinga bali kwa sababu lilikuwa langu pia. Kwa muda wa mwaka mzima mimi nilikuwa nimefanya kosa lilo hilo kutoka upande wa pili. Yeye alikuwa na kiuno bila maneno. Mimi nilikuwa na daftari la maneno bila kiuno. Ninadai katika makala hii kwamba sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kuipasua ngoma vipande viwili, tukachukua maneno na kuyaita fasihi, kisha tukawaachia wenye hoteli, wanasiasa na washereheshaji vilivyobaki. Ndipo tunapolalamika kwamba ngoma zimepoteza maana.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa lugha ina kumbukumbu ndefu kuliko sisi. Katika Kiswahili, ngoma ni kile chombo kilichowambwa ngozi. Ngoma pia ni uchezaji unaofuata mdundo wa chombo hicho. Ngoma ni wimbo unaoimbwa humo, na ni mkutano mzima wa watu waliokuja kuimba na kucheza. Tena mgonjwa anapopungwa pepo, shughuli hiyo nayo huitwa ngoma. Wagikuyu wanalo neno hilo hilo, na kwao hurejelea mizimu. Waliotuachia neno hili hawakushindwa kutofautisha ngozi, mguu, sauti na roho. Walijua kwamba vitu hivyo vinapokutana huwa kitu kimoja, wakakipa jina moja. Sisi wasomi ndio tuliokuja na mkasi.

Mkasi huo hatukuupata kwa walimu wetu wakuu. Mwaka wa 1976, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walipoandika Fasihi na Sanaa za Maonyesho, waliitazama ngoma kama sanaa ya maonyesho na kuiweka pamoja na fasihi. Mwaka wa 1989, M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika jarida la Mulika, alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba tukio hilo hutawaliwa na mwingiliano wa fanani, hadhira, kinachotendwa, mahali na wakati. Ni nani kati yetu hajayanukuu maneno hayo katika mtihani? Tunayanukuu asubuhi, na jioni tunakwenda nyanjani na kinasasauti, tunanasa maneno, tunayapanga katika beti, tunahesabu mizani na kutafuta tamathali. Fanani anakuwa jina katika ukurasa wa shukrani. Mahali na wakati huwa mstari mmoja wa utangulizi. Na mwili uliocheza hautajwi kabisa.

Nilifundishwa kosa langu Mombasa. Nilikuwa nimekusanya nyimbo za chakacha kutoka kwa wanawake kadhaa, nami nikarudi kwa bibi mmoja mzee ili kuhakikisha kwamba nimeandika sawa. Nilimsomea wimbo mmoja uliotaja chombo kinachoingia bandarini. Katika daftari nilikuwa nimeshaandika ufafanuzi: wimbo huu, nilisema, unaakisi shughuli za uvuvi na biashara katika uchumi wa jamii ya Waswahili. Bibi alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu kubwa, kisha akasema, "Mwanangu, maneno umeyapata. Ngoma yenyewe iko wapi?" Nikamwambia kwamba hayo ndiyo niliyoyasikia. Akatikisa kichwa. "Wimbo huu haujuliwi kwa kukaa kitako. Inuka."

Aliagiza sinia, akalipiga kwa vidole, binti yake akanifunga leso. Nilijifunza mambo matatu kwa muda mfupi, huku nikichekwa. Kwanza, katika chakacha kifua na kichwa hutulia. Kinachosema ni kiuno, na anayetikisika mwili mzima huonekana hajui. Pili, kuna neno katika wimbo ule ambapo kiuno hupunguza mwendo karibu kisimame, kisha huanza tena taratibu. Neno hilo katika daftari langu lilikuwa nomino ya kawaida tu. Wanawake waliokuwapo walipofika hapo walicheka na kumtazama msichana mmoja aliyekuwa karibu kuolewa, naye akainamisha uso. Tatu, wimbo haukuwa na lolote kuhusu uvuvi. Ulikuwa somo la subira ya ndoa, somo ambalo mama hawezi kumtamkia binti yake uso kwa uso bila ya wote wawili kuona haya. Fumbo lilikuwa katika maneno, lakini ufunguo wake ulikuwa kiunoni.

Nilirudi Eldoret na kuandika upya sura nzima ya pendekezo langu. Katika kikao kimoja nilichoiwasilisha, msikilizaji mmoja alinishauri nibaki na maneno na hayo ya viuno niwaachie watu wa muziki. Ninamheshimu, lakini sikubaliani naye. Ikiwa maana ya shairi imo katika pahala ambapo kiuno kinasimama, basi mhakiki wa shairi hana budi kwenda pahala hapo. Tukikataa, hatutakuwa tumelinda mipaka ya taaluma. Tutakuwa tumetoa maana ya uongo na kuitetea kwa tanbihi.

La kushangaza ni kwamba wenye mamlaka wa zamani waliielewa ngoma kuliko sisi. Mwaka wa 1929, mzozo baina ya wamishenari na Wagikuyu kuhusu tohara ya wasichana ulipopamba moto, vijana walitunga na kucheza Muthirigu. Sitetei desturi iliyozozaniwa. Madhara yake yanajulikana na sheria ya nchi inaikataza. Ninalotaka kuonyesha ni kwamba ngoma hiyo ilienea upesi, ikawakejeli wamishenari, machifu na maofisa, na mwaka wa 1930 serikali ya kikoloni ikaipiga marufuku. Kama ingekuwa kurukaruka tu, kwa nini kupiga marufuku?

Beni nayo ilizuka Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890. Ilichukua tarumbeta, vyeo na gwaride la Wazungu, ikavigeuza kuwa vyama vya ngoma vilivyoshindana kwa mavazi na nyimbo, kisha ikasambaa hadi Tanganyika na mbali zaidi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yake mwaka wa 1975, akaisoma kama historia ya watu waliokuwa wakijipanga upya chini ya utawala wa kigeni. Lelemama ya wanawake wa Mombasa, iliyotafitiwa na Margaret Strobel, ilikuwa na vyama vyenye viongozi, michango, sare na mashindano, na nyimbo zake ziliweza kumwaibisha aliyekiuka maadili bila kumtaja jina. Uzoefu wa kuongoza vyama hivyo uliwafaa wanawake walipoanza kudai nafasi zao katika siasa na elimu. Msomi anayesoma maneno ya lelemama peke yake atayaona masengenyo. Anayeiona ngoma nzima ataona mahakama na bunge.

Naomba msomaji anivumilie tuvuke bahari kidogo, kwa kuwa kuna watu waliopotezwa ngoma yao kwa njia inayofanana na yetu na ambao wametutangulia kuitafuta. Nao ni Wahawaii. Wengi wetu tunaijua hula kama sketi za majani na wasichana wanaotabasamu katika filamu. Kumbe kiini cha hula ni utenzi. Kwanza kuna maneno, yaitwayo mele, yanayosimulia nasaba, sifa za watawala, visa vya miungu kama Pele, milima na mvua za mahali fulani. Mwimbaji huyaghani huku akipiga kibuyu au ngoma, na mikono, miguu na macho ya wachezaji huyafasiri. Katika hula ya kale, kucheza bila mele ni sawa na kufasiri bila matini.

Wamishenari kutoka Marekani walifika huko mwaka wa 1820, wakaiona hula kuwa uchafu. Mwaka wa 1830 Malkia Kaʻahumanu, aliyekuwa amebatizwa, alikataza kuchezwa kwake hadharani. Mfalme Kalākaua aliirudisha uwanjani katika sherehe ya kutawazwa kwake mwaka wa 1883. Lakini ufalme ukapinduliwa mwaka wa 1893, na mwaka wa 1896 sheria ikafanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Tazama basi lililotokea: hula haikufa. Iliendelea kuishi, tena ikashamiri, katika hoteli na filamu, mbele ya watalii wasiojua neno hata moja la Kihawaii. Mwili ulibaki na lugha ikakimbia. Ngoma ilipata watazamaji wengi kuliko wakati mwingine wowote, na watu wa kuitunza wakapungua.

Na ilivyorejea ndivyo inavyotuhusu zaidi. Mashindano ya hula katika tamasha la Merrie Monarch mjini Hilo yalianza mwaka wa 1971. Mwaka wa 1978 katiba ya jimbo iliifanya lugha ya Kihawaii kuwa lugha rasmi. Mwaka wa 1984 ilifunguliwa shule ya kwanza ya chekechea ya Pūnana Leo, ambamo watoto hulelewa kwa Kihawaii. Ngoma na lugha viliinuka pamoja. Katika shule za hula mwanafunzi hafunzwi hatua tu. Hufunzwa maneno, maana zake na mahali yanapotaja. Wahawaii hawakuitenga hula na usasa, maana hadi leo wanacheza pia hula mpya yenye gitaa. Walichokataa ni kucheza wasichokielewa.

Sasa turudi kwetu na tutazame chakacha. Kwa desturi huchezwa na wanawake katika sherehe za arusi, wanaume wakiwa hawapo. Katika miaka ya 1980 bendi za Mombasa ziliuchukua mdundo wake na kuupeleka katika hoteli na redio. Wengi wanaukumbuka wimbo wa Mombasa Roots, Disco Chakacha. Siwalaumu wanamuziki, kwani mdundo ni mtamu na muziki wa pwani tangu zamani umeishi kwa kuazima. Hata hivyo, kilichovuka mlango kilikuwa mdundo na kiuno. Somo, mzaha, haya na wanawake wa kuelewa vilibaki ndani. Ndipo jukwaani chakacha ikaonekana uasherati, na waliokuwa hawajaiona katika chumba chake wakaanza kuilaani kwa ajili ya sura iliyovishwa na wengine. Kiuno kile kile ni darasa mahali pamoja na ni kichekesho mahali pengine.

Vivyo hivyo Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka wa 1971, ilijengwa juu ya wazo kwamba kikundi kimoja cha wachezaji hodari kinaweza kuzicheza ngoma za jamii nyingi mbele ya wageni. Wazo hilo lilitufaa kama taifa changa lililotaka kuonana. Lakini ngoma iliyohamishwa kutoka matanga au jando hadi ratiba ya alasiri hugeuka kuwa picha ya ngoma. Picha ina kazi yake. Tusiichukulie kuwa mtu.

Hatuhitaji kwenda Pwani wala Hawaii ili kuona yaliyo hatarini. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, safari ya saa chache kutoka hapa Eldoret, iliingizwa na UNESCO mwaka wa 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma zake ni tatu: kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya paa na njuga za chuma. Kiongozi huimba, na wanaume na wanawake hujipanga safu mbalimbali. Huchezwa mtoto anapozaliwa, watu wanapooana, mtu anapozikwa, na hata mashabiki wa AFC Leopards huipiga uwanjani. Ukiisikiliza isukuti kama mdundo utasema ni hai kabisa; haikosekani hata katika mikutano ya kisiasa. Mbona basi ikahesabiwa kuwa hatarini? Kwa sababu wajuzi wake wengi ni wazee wasio na warithi, na watunzi wamevutwa na muziki wa biashara. Kelele zipo, wenye maneno wanaondoka. Kimya si dalili pekee ya kifo cha ngoma.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. La kwanza ni kwamba sisi ni watu wa lugha, hatukufunzwa kuchambua miondoko. Ni kweli. Lakini hatukuzaliwa na istilahi za arudhi pia, tulijifunza. Wanawake walionifunza hawakukosa maneno ya kueleza kiuno kinachotulia, kinachokatwa na kinachorudi. Istilahi zipo midomoni mwao. Zinangoja watu wa Kiswahili waziandike, na tusipoziandika sisi zitaandikwa kwa lugha nyingine.

La pili ni zito zaidi. Ikiwa chakacha ni ya faragha, je, mtafiti anayeeleza miondoko yake haivunji faragha hiyo? Swali hili limeninyima usingizi. Msimamo wangu ni huu: sikupiga picha, sikurekodi video, na maelezo niliyoyaandika niliwasomea wenyewe kwanza. Sehemu mbili waliniambia nizifute, nami nikazifuta. Wimbo wa chombo na bandari waliniruhusu kuutaja, lakini si kuunukuu. Utafiti wangu umepungua kwa hilo, lakini ni wa kweli zaidi, kwa sababu kujua nani haruhusiwi kuiona ngoma ni sehemu ya maana ya ngoma. Isitoshe, tangu mwaka wa 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni, ambayo inatambua haki za jamii juu ya vitu kama nyimbo na ngoma. Haifai watu wa fasihi wajifunze adabu hiyo kutoka kwa mawakili.

Ninapendekeza basi mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mwanafunzi anayekwenda nyanjani aulize, pamoja na maneno, ni nani anayecheza, kwa tukio gani, nani anaruhusiwa kuwapo, chombo gani kinapigwa, na mwili unafanya nini neno gani linapotajwa. Chama chetu, kila kinapoandaa siku ya utamaduni, kiwape wachezaji juma moja la kujifunza maneno ya ngoma yao, na mshereheshaji aeleze maana kabla ya mdundo kuanza. Wazee wa isukuti waalikwe kama walimu na walipwe kama walimu. Nao wahadhiri wetu wakubali kazi ya darasa ambayo nusu yake ni maelezo ya utendaji. Hakuna katika haya linalohitaji jengo jipya.

Nimemaliza kuandika sura yangu, na nimeahidi kuipeleka Mombasa kabla ya kuiwasilisha kwa wasimamizi. Bibi aliniambia kwamba atanisikiliza kwa sharti moja: nisisome nikiwa nimekaa. Ninaogopa kikao hicho kuliko utetezi wa tasnifu, kwa sababu pale nitakuwa mbele ya watu wanaojua kinachochezwa. Nikikosea watacheka. Nikipatia, huenda mmoja wao akainuka na kunitunza leso.